Maneno ya Chumba cha Kufumia

Watu walimwita Moja-Mbili. Jina lilimganda kwa sababu kabla ya sherehe yoyote kuanza yeye ndiye aliyeshika kipaza sauti na kusema, "Moja, mbili. Moja, mbili, moja." Kwa miaka kumi na minane alikuwa akikodisha spika na kuzifunga kwenye kumbi: harusi, mahafali, kuaga wastaafu, uzinduzi wa hiki na kile. Alikuwa na gari dogo la mizigo, spika nne nyeusi zenye kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na masikio ambayo, kwa maneno ya mke wake, yangesikia betri ikiisha nyumba ya tatu.

Hotuba alizozisikia hazikuwa na idadi. Alijua kwamba mtu akianza na "sitawachosha," hapo ndipo unapotakiwa kutafuta kiti chenye mto. Alijua kwamba "kwa hayo machache" huja baada ya mengi. Zote alizisikia akiwa amesimama nyuma ya ukumbi, macho kwenye taa ndogo za kijani za mashine yake, na ukimuuliza kesho yake nani alisema nini, hana habari. Aliweza kukuambia tu kwamba bwana harusi alikuwa na mafua.

Basi siku moja dada yake mkubwa akaja na bahasha. Dada huyu alikuwa karani mkuu ofisini kwao, mtu wa mihuri na nakala tatu tatu. Hata nyumbani kwake vyombo vya chumvi na sukari alivibandika karatasi.

"Mama anatimiza miaka sabini," alisema kabla hajakaa. "Ukumbi nimeshaweka. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Wanao ndio watakaotoa hotuba ya wajukuu. Dakika tatu. Nimeshawaandikia."

Moja-Mbili akafungua bahasha. "Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa wageni waalikwa, itifaki ikiwa imezingatiwa..." Akainua macho. "Mgeni rasmi ni nani?"

"Ni Mama."

"Sasa Mama aitwe mheshimiwa mgeni rasmi na wajukuu zake?"

"Wewe wafundishe kusimama na kushika kipaza sauti," dada akasema. "Si ndiyo kazi yako? Maneno niachie mimi."

Mazoezi yakaanzia stoo, kule anakoweka vyombo vyake, watoto wawili wamekaa juu ya spika kama ndege juu ya waya. Mkubwa alikuwa binti wa miaka kumi na mmoja, na nyumbani walizoea kumwita Wakili, kwa kuwa hakukubali jambo bila ushahidi, hata kama jambo lenyewe ni kuoga. Mdogo wake wa kiume alikuwa na miaka saba. Huyo dada yake alimpachika jina la Mnong'ono. Alikuwa mtoto mchangamfu, mtundu hata, lakini akisimamishwa mbele ya watu sauti yake ilishuka ikaingia ndani ya kola ya shati na kubaki humo humo.

"Kwanza," baba yao akasema, akiinua kipaza sauti, "hiki si muwa, msikitafune. Kikae ngumi moja kutoka mdomoni. Pili, ukikosea usiombe radhi. Hakuna anayejua ulitaka kusema nini. Tatu, pumua. Watu wengi wanasahau kupumua, halafu wanashangaa kizunguzungu kimetoka wapi."

Wakili akasoma ukurasa wa kwanza kama anayesoma mashtaka. Mnong'ono akasoma wa pili. Taa za kijani kwenye mashine hazikutikisika hata moja.

"Zaidi kidogo, baba," Moja-Mbili akamwambia kwa upole.

Mtoto akajaribu tena. Taa moja ikawaka, ikazimika.

"Baba," Wakili akasema, karatasi mapajani, "hii hotuba ni ya kumwambia nani?"

"Ya kumwambia Bibi."

"Bibi atasikia?"

"Nitaongeza sauti."

"Juzi ulimwambia mara tatu kwamba mlango uko wazi, akakuletea chumvi."

Mnong'ono akacheka. Moja-Mbili naye alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Ukweli ulikuwa mezani na mtoto ndiye aliyeuweka. Mama yake alifanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha nguo, kwenye chumba cha kufumia, mitambo ikimpigia masikioni zamu baada ya zamu, na alipostaafu masikio yalikuwa yameshastaafu kabla yake. Walimnunulia kifaa cha kusikilizia. Alikivaa siku mbili, akasema kinampigia mluzi, akakitia kwenye kopo la vifungo. Moja-Mbili mwenyewe aliwahi kumfungia spika sebuleni, kubwa, mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mama akamwambia, "Mwanangu, nasikia kishindo. Neno silioni."

Yeye, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuwafanya watu wasikike, alikuwa hajaweza kumsikilizisha mama yake hata salamu. Jambo hilo hakulizungumza na mtu. Alilipita pembeni kama shimo la barabarani ambalo kila mtu wa mtaa ameshalizoea.

Jumapili akawachukua watoto mpaka kwa Bibi, wakamuulize wenyewe habari za maisha yake, maana hotuba ya Shangazi ilikuwa na "nguzo" na "taa" na "dira", lakini Bibi mwenyewe hakuwemo. Mlango ulikuwa wazi. Bibi alikuwa amekaa sebuleni, karibu na dirisha, akikunja nguo. Upande wa pili, mwisho wa ushoroba, alisimama shoga yake wa tangu kiwandani, mwanamke mrefu aliyeitwa Bi Saba kwa kuwa miaka yote ile alisimama kwenye mtambo wa saba. Alikuwa na kisu mkononi na kitunguu, anamenya.

Hakuna aliyekuwa akitoa sauti. Nyumba ilikuwa kimya kabisa, kisu kinasikika kikipita kwenye ganda. Lakini midomo ya Bi Saba ilikuwa inakwenda, mikubwa, ya polepole, nyusi zikipanda na kushuka, na kila alipofika mahali fulani kidole kiliruka kikagusa bega au kidevu. Bibi alimtazama huku akikunja nguo. Mara akajibu, naye bila sauti, midomo tu. Bi Saba akainamia kitunguu, mabega yakamtetemeka. Bibi akajifuta machozi ya kucheka kwa shati alilokuwa ameshalikunja, ikabidi alikunje upya.

Watoto walisimama kizingitini kama walioingia mahali pasipo pao.

"Wanafanya nini?" Mnong'ono akauliza.

Moja-Mbili alikuwa ameyaona hayo tangu utoto wake, asiwahi kuyatazama. Kwake yalikuwa mazoea ya wanawake wale, sawa na mtu kuvunja vidole au kuimba akifua. Tena alikumbuka, na hakupenda kukumbuka, siku moja akiwa kijana wa kidato cha pili, mama yake alimwona ng'ambo ya barabara akamsemesha hivyo hivyo, mdomo wazi, mkono kidevuni, mbele ya marafiki zake. Yeye akageuza uso akajifanya anasoma bango.

"Wanaongea," akasema.

Bibi alipowaona aliinuka kwa furaha, akapokea shikamoo zao kwa macho zaidi kuliko kwa masikio, akaenda jikoni kuchemsha chai. Wakili hakusubiri. Alimkamata Bi Saba pale pale ushorobani, kitunguu kikiwa bado mkononi.

"Mlikuwa mnasema nini? Na kwa nini hamkutoa sauti?"

"Mitambo mia mbili, mjukuu wangu," Bi Saba akasema, "yote inapiga kwa pamoja. Sakafu inatetemeka mpaka magotini. Piga kelele mpaka mishipa ya shingo itoke, jirani yako hakusikii, anaona tu umekasirika. Sasa tukae zamu nzima kama magogo? Sisi? Tukaongea kwa midomo. Neno unalitengeneza hapa," akagusa midomo yake, "kubwa, pole pole, na uso unalisaidia. Bibi yako alikuwa hodari kuliko wote. Alikuwa anasimulia kisa kutoka mtambo wa kumi na tisa, na mimi huku wa saba nakosea nyuzi kwa kucheka."

Akamwinamia Mnong'ono. "Soma hili." Midomo ikafunga na kufunguka mara mbili.

"Bibi?" mtoto akasema.

"Sivyo."

"Mimi?"

"Sivyo." Akatoa pipi mfukoni.

"Pipi!"

"Umeona? Bibi, mimi, pipi. Mdomoni ni kitu kimoja. Ndiyo maana tukaweka mikono. Mimi, gusa kifua. Bibi, gusa kichwa. Baba na mama nao vilevile, mapacha hao. Mama, gusa shavu. Baba, gusa kidevu."

Mnong'ono aliitia pipi mdomoni, akagusa kifua, akagusa kichwa, akagusa kidevu, midomo ikifunguka bila sauti. Baba yake alimtazama akashangaa. Mtoto yule ambaye maneno yake yalikuwa yakifia kwenye kola, sasa uso wake wote ulikuwa wazi kama dirisha lililofunguliwa asubuhi.

"Msimwonyeshe Bibi," Bi Saba akasema haraka, maana vikombe vilikuwa vinakuja. "Njooni kwangu. Nyumba ya pili kutoka hapa."

Tangu siku hiyo, kila Jumatano na Jumamosi, watoto walitoweka kwa Bi Saba na kurudi wamechoka mashavu. Stoo waliendelea kuja, lakini mambo yalikuwa yamebadilika. Ile karatasi ya Shangazi ilipunguzwa, ikapunguzwa tena, mpaka "itifaki" ikatoka na "dira" ikatoka. Walibaki na maneno yao wenyewe, ya dakika moja, na Mnong'ono akawa anayasema huku mdomo ukifunguka sawasawa, taa za kijani zikipanda nne, tano.

"Vizuri," Moja-Mbili akasema. "Na dakika mbili zilizobaki?"

"Zimejaa," Wakili akajibu.

"Zimejaa nini?"

"Ni siri."

"Mwanangu, mimi ndiye fundi mitambo. Lazima nijue nani anashika kipaza sauti lini."

Wakili akafikiri, akaona hoja ina uzito, akatoa uamuzi. "Sehemu hiyo haina kazi yako, Baba."

Dada mkubwa alipopata habari alipiga simu. "Ratiba yangu inasema dakika tatu za hotuba. Si moja. Wasije wakaniachia shimo."

"Wanasema zimejaa," Moja-Mbili akamwambia.

"Na wewe umekubali?"

"Kesi niliyonayo nyumbani haina rufaa, Dada."

Jumamosi ikafika. Moja-Mbili alikuwa ukumbini tangu saa tano, akapanga spika mbili mbele na mbili katikati, akabandika nyaya sakafuni kwa gundi ya karatasi asije mtu akajikwaa, akasema moja, mbili, moja. Wageni walikuwa mia na ishirini. Mezani mbele kabisa walikaa wanawake saba wazee, wamevaa vizuri, mikono yao mikubwa imetulia juu ya kitambaa cheupe. Hao ndio waliobaki wa chumba cha kufumia, Bi Saba akiwa mmoja wao. Bibi alikaa kwenye kiti chenye maua, peke yake, kama picha.

Hotuba zikaanza. Dada mkubwa alikaribisha. Mjomba mmoja alisema hatawachosha, akawachosha. Mchungaji wa mtaa wao alieleza maana ya sabini. Na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane Moja-Mbili aliinua macho kutoka kwenye taa zake, kwa kuwa aliyekuwa anasemeshwa alikuwa mama yake.

Mama alikuwa anatabasamu. Alitabasamu pale watu walipohuzunika na pale walipochekeshwa, tabasamu lile lile. Watu wakipiga makofi, macho yake yalikimbilia mikono yao kwanza, ndipo naye akapiga. Alikuwa anaifuata sherehe yake mwenyewe kama mtu anayecheza ngoma asiyoisikia, akitazama miguu ya wenzake.

"Na sasa," mshereheshaji akatangaza, "wajukuu!"

Wakapanda jukwaani, Wakili na gauni la njano, Mnong'ono na shati lenye kola aliyoifungua kifungo cha juu. Kipaza sauti kikakaa ngumi moja kutoka mdomoni. Moja-Mbili akavaa hedifoni zake, kidole juu ya kitufe.

"Shikamooni nyote," Mnong'ono akasema, na sauti ikaja safi, kamili, mpaka baba yake akashusha mabega. "Bibi yetu alifuma vitambaa miaka thelathini na minne. Bi Saba alituambia kitambaa kina nyuzi za mtande, zile zilizonyooshwa, na nyuzi za mshindio, zile zinazopita katikati yake. Bibi alisimamia mitambo minne kwa wakati mmoja. Uzi ukikatika aliufunga fundo hata usilione."

"Huenda mashuka mliyolalia utotoni yalipita mikononi mwake," Wakili akaendelea. "Hatuna ushahidi, lakini huenda." Watu wakacheka. "Sehemu iliyobaki si yenu. Ni ya Bibi. Mtuvumilie."

Kisha akainama, akakilaza kipaza sauti juu ya kiti.

Watoto wakasogea mpaka ukingoni mwa jukwaa, uso kwa uso na Bibi, hatua nne kutoka kwake. Wakanyamaza.

Mwanzoni ukumbi ulidhani umeme umekatika. Mtu mmoja nyuma akapaza, "Sauti!" Mshereheshaji akamgeukia fundi, akizungusha mkono. Moja-Mbili, kwa mazoea, akaongeza sauti ya kile kipaza sauti kilicholala kitini. Akaongeza tena. Kwenye hedifoni ikaja feni ya darini. Ikaja pumzi ya mwanawe. Halafu kikaja kitu ambacho hakuwahi kukisikia maishani: midomo miwili midogo ikiachana na kukutana, kama karatasi nyepesi inayobanduliwa, bila sauti yoyote juu yake.

Mnong'ono aligusa kichwa. Bibi. Midomo yake ikaenda, mikubwa, ya polepole.

Na kutoka meza ya mbele mwanamke mmoja mzee akatoa mguno, akajiziba mdomo kwa viganja viwili.

Mama aliinuka kidogo kwenye kiti. Lile tabasamu la siku nzima lilianguka usoni kwake, na chini yake ukatokea uso mwingine, mkali, ulio macho, uso wa mtu aliye kazini. Moja-Mbili alikuwa hajauona uso huo kwa miaka mingi. Akavua hedifoni. Akawatazama watoto wake, na hapo ikamjia, hata yeye hakujua imetoka wapi: alikuwa anaelewa. Hayakuwa maneno yote, lakini yalimjia moja moja, kama mtu anayesikia lugha aliyonyonyeshwa nayo.

"Bibi, king'ora kimelia," mtoto alisema kwa midomo. "Mitambo imewaka. Umeamkaje?"

"Salama," Mama akajibu, kwa midomo vile vile.

Wakili akasogea. "Watoto wamekula?"

Mama akaupeleka mkono kifuani.

Moja-Mbili hakuelewa kwa nini swali dogo kama lile liliwainua wale wanawake saba kutoka vitini, wote, kana kwamba wimbo wa shule umepigwa. Bi Saba ndiye aliyemweleza baadaye. Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kila asubuhi, mitambo ikishawashwa, kutoka mtambo mmoja mpaka mwingine chumba kizima. Wako wamekula? Wamekula, wako? Wamekula. "Kuna asubuhi mama yako alisema wamekula," Bi Saba alimwambia, "na mimi nikasema wamekula, na wote wawili tulijua. Basi mwenye kipande cha mkate alikipitisha mkono kwa mkono mpaka kinamfikia, hakuna aliyeulizwa wala kushukuriwa."

Pale jukwaani Mnong'ono ndiye aliyejibu. Aliinua kidole akagusa kidevu.

"Baba amekula," akasema, na hakuna sauti iliyotoka. "Shangazi amekula. Dada amekula. Mimi nimekula. Wote tumeshiba, Bibi. Leo ni kweli."

Watu mia na ishirini walikuwa wamekaa ndani ya ukumbi ule na usingesikia kitu. Watoto wachanga walinyamaza. Wapishi waliokuwa mlangoni na sahani walisimama nazo. Wengi hawakujua kinachosemwa, lakini walijua kwamba kinasemwa, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Moja-Mbili alikuwa ameuza sauti maisha yake yote. Hakujua kwamba ukimya unaweza kuwa mkubwa namna ile, ukajaa mpaka kwenye paa.

Kisha Mama akaanza kusema.

Alisimama, akautupa mtandio wake wa maua nyuma ya bega, akasema kwa midomo na uso na mikono. Wakili akakiokota kipaza sauti na kutafsiri, akisitasita mwanzoni.

"Bibi anasema... mtambo wa kumi na tisa uko salama. Anasema uzi haujakatika leo. Anasema..." Binti akamtazama Bibi midomoni tena. "Anasema kwa miaka mingi mmekuwa mkimpigia kelele. Leo ndiyo ameongeleshwa."

Meza ya mbele ikalipuka, lakini bila sauti. Wanawake saba wale walikuwa wanasema wote kwa pamoja, mikono ikiruka kidevuni na shavuni na kifuani, wakipiga meza, wakicheka na kulia, mmoja akimsimulia mwenzake kisa kupitia juu ya vichwa vya wageni, Mama akiwajibu kila mmoja bila kupotea. Miaka ilikuwa inawatoka. Ungeapa kwamba nyuma yao mitambo mia mbili inapiga, na wao ni wasichana wa miaka ishirini wanaosubiri saa ya chakula. Wageni wakainuka, mmoja mmoja, wapate kuona vizuri. Dada mkubwa alisimama pembeni ya jukwaa, ratiba imemdondoka sakafuni, machozi yanamchuruzika na hayafuti.

"Na wewe fundi," Wakili akatafsiri ghafla. "Bibi anasema uzime hayo madude yako uje ukae."

Ukumbi ukacheka, ndipo sauti ya kawaida ikarudi duniani. Moja-Mbili akazima mashine, akapita katikati ya meza, akaketi kwenye kiti walichomvutia kando ya mama yake. Kwa mazoea akamwinamia sikioni, akavuta pumzi apige kelele.

Mama akamshika kidevu, akamgeuza uso taratibu mpaka wakatazamana.

"Unaona?" akasema kwa sauti yake. "Kila siku mnanijia sikioni. Mkinijia sikioni, mdomo siuoni. Na wakisimama pale, wanashika kile kifimbo chako, kinawaziba midomo. Nitajuaje wanasema nini?"

Spika zote zile. Kishindo chote kile. Kumbe kilichohitajika ni uso.

"Mama," akasema polepole, bila kupaza, akiufungua mdomo sawasawa, "nilikuwa sijui."

"Sasa umejua," akajibu, papo hapo, kama mtu yeyote anavyomjibu mtu yeyote.

Wakakaa hivyo, wakaongea. Alimuuliza mambo ambayo hakuwahi kumuuliza kwa kuwa yasingewezekana kupigiwa kelele. Aliuliza nani alimfundisha kazi, na kama aliogopa siku ya kwanza. Aliogopa, Mama akasema, alilia chooni, na Bi Saba ndiye aliyemtoa. Chakula kikaletwa. Watoto walikuwa wamezungukwa na wenzao, Mnong'ono akifundisha pipi na bibi na mimi kwa sauti ya mwenye shule yake.

Mama alikuwa anakula polepole, macho yakizunguka ukumbini meza hadi meza. Mara akatabasamu peke yake.

"Nini?" mwanawe akauliza.

"Yule mjomba wenu anasema keki imekatwa ndogo. Na wale wawili mlangoni wanabishana nani amrudishe mchungaji nyumbani, maana anaongea sana njiani."

Moja-Mbili akageuka. Mlango ulikuwa mbali, hatua thelathini na zaidi. Yeye mwenye masikio ya kusikia betri hakuokota hata silabi. Akamgeukia tena mama yake, asijue acheke au afanye nini, maana alikuwa amekaa na mtu huyu miaka arobaini na leo ndiyo alikuwa anakutana naye.

"Wewe unaona yote hayo?"

"Wakinigeuzia uso." Akanyoosha kidole, kidogo tu, chini ya meza. "Yule pale mke wako. Anamwambia dada yako kitu."

Mkewe alikuwa upande wa pili wa ukumbi, karibu na dirisha, sahani mkononi, anawatazama wao wawili.

"Anasema nini?"

Mama akasubiri mkwe wake amalize sentensi. "Anasema tangu mmeoana, ndiyo mara ya kwanza anakuona umekaa kwenye sherehe."

Moja-Mbili akainua mkono akampungia. Mkewe akampungia naye, akaiweka sahani dirishani, akaanza kuja.